Mkanda wa Nyeusi na Nyeupe Umetoka Vibaya: Soma Negativu Kabla ya Kubadili Filamu

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wanaoanza kupiga picha kwa filamu hufanana. Mtu ananitumia negativu zake (filamu iliyokwisha kusafishwa, ambayo weupe wa picha huonekana mweusi na weusi huonekana mweupe), zimefifia au zimejaa chenga, yaani chembechembe, halafu anauliza: "Kaka, hii filamu mbaya. Sasa ninunue ipi?" Huwa namwomba anitumie picha nyingine ya negativu hizohizo, safari hii azishike mbele ya dirisha, ukingo wote uonekane mpaka kwenye matundu. Mara nyingi filamu haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kipima mwanga, kwenye joto la dawa, au kwa aliyeisafisha, yaani aliyeitia dawa picha itokee. Asipolijua atalihamishia kwenye mkanda mpya, na mikanda siku hizi si ya kuchezea, bei yake tunaijua.

Lakini zipo nyakati ambazo filamu yenyewe ndiyo haikufaa kwa kazi ile. Kwa hiyo nimepanga mambo haya kwa dalili, kama zinavyonifikia. Chini ya kila dalili naanza na sababu inayotokea sana, halafu nashuka.

## Anza na ukingo

Kiwandani, pembezoni mwa filamu huchapwa kwa mwanga jina la filamu na namba za fremu. Maandishi hayo hayaonekani mpaka filamu iingie kwenye developa, dawa ya kutokeza picha. Hayajui kamera yako, hayajui lenzi yako. Ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Maandishi ni meusi na yanasomeka vizuri, ila picha zimefifia au hazipo: dawa ilifanya kazi, tatizo lilitokea wakati wa kupiga. Maandishi nayo yamefifia kama picha: kusafisha hakukutosha. Maandishi hayapo kabisa: developa haikufanya kazi, au fedha yote (ile madini inayofanya picha) iliondolewa baadaye. Filamu nzima nyeusi tii, ukingo pamoja: iliungua kwa mwanga nje ya kamera au ndani ya tangi.

Hilo likishajulikana, nusu ya kazi imekwisha.

## Dalili: mkanda umetoka mweupe kama kioo, hauna hata picha moja

Kama maandishi ya ukingoni yapo, filamu haikusogea ndani ya kamera. Ulimi wake, yaani kile kipande cha mwanzo kinachochomoza, haukushika kwenye rili ya kupokelea, nawe ukapiga fremu 36 juu ya kipande kilekile cha mwanzo, filamu iliyobaki haikufika hata mbele ya lenzi. Kinga yake ni rahisi: ukishafunga kamera, zungusha kitasa cha kurudishia filamu taratibu mpaka kikaze, kisha vuta wenzo wa kusogeza. Kitasa kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, fungua uipachike upya. Ni mara chache sana kosa huwa ni shata (mlango wa kupitisha mwanga ndani ya kamera) isiyofunguka.

Kama maandishi hayapo, sababu ya kwanza, na ninaiona kila mwaka, ni kwamba filamu ya fedha imepelekwa kwenye studio ya rangi.

Hili lilinikuta mwenyewe. Nilipiga mkanda mmoja wa HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya Ilford, nyumbani kwa mama mkubwa, Tanga: yeye akichambua mchele ukumbini, wajukuu wakiwa mlangoni, alasiri yote. Nikaupeleka kwenye studio moja mjini. Nikauliza, "Mnasafisha mikanda?" Wakasema ndiyo, wala hawakudanganya. Jioni nikapokea utepe wa plastiki safi, mweupe, hauna hata namba. Mashine yao ilikuwa ya C-41, dawa ya filamu za rangi. Katika C-41 picha hubaki kama rangi, na fedha yote huondolewa kwa makusudi. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haina rangi hiyo: picha yake ni fedha yenyewe. Fedha ikiondoka, picha imekwenda nayo.

Basi swali la kuuliza studioni si "mnasafisha mikanda?" Uliza hivi: "Mna dawa ya filamu ya nyeusi na nyeupe, au mna C-41 peke yake?" Wakiwa na C-41 peke yake, na wewe huna tangi la kusafishia filamu nyumbani, uchaguzi wako wa filamu umekwisha kufanyika: nunua Ilford XP2 Super. Hiyo ni ISO 400 (ISO ni kasi ya filamu kuhisi mwanga), inatoa picha za nyeusi na nyeupe, lakini imetengenezwa isafishwe kwenye C-41 sawasawa na filamu ya rangi. HP5, FP4, Tri-X, T-Max, Delta, Fomapan, Kentmere, zote hizo usizitie humo.

Sababu ya pili ni developa iliyokufa. Chupa iliyofunguliwa miezi mingi, nusu imejaa hewa, katika joto la pwani, haidumu. Jaribio lake ni la dakika chache: kata kipande cha ulimi wa filamu, ambao tayari umepata mwanga, ukitumbukize kwenye developa hapohapo mchana. Kikiwa cheusi vizuri, dawa ni nzima. Kikibaki kijivu au kisibadilike, imwage. Fanya hivi kila mara kabla hujatia mkanda wa mtu.

Sababu ya tatu ni kutia fiksa, dawa ya kukaza picha, kabla ya developa. Chupa zote nyeupe, zinafanana, taa hafifu. Andika majina kwa kalamu ya wino mzito, tena ubavuni. Ukiandika kwenye kifuniko peke yake, vifuniko hubadilishana.

Simama hapa: filamu iliyotoka nyeupe bila ukingo hairudishwi na dawa yoyote. Usimlipe mtu anayekuahidi kuirudisha.

## Dalili: kanzu na ukuta vimetoka, uso umepotea

Hili ndilo lalamiko linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaopotea ni watu wetu. Negativu ni nyepesi, ukuta wa chokaa umekaa vizuri, kanzu ina mikunjo yake, lakini uso wa mtu ni doa lisilo na macho. Mwenye kamera anaambiwa filamu haipatani na ngozi nyeusi. Si kweli. Nimesimama mara nyingi mbele ya picha za zamani za Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Unguja: nyuso zina macho, zina ngozi, zina jasho. Filamu iliweza enzi hizo, na inaweza leo.

Sababu ya kwanza ni kipima mwanga kudanganywa na weupe. Kipima hakijui kinatazama nini. Kila kitu hukichukulia kuwa kijivu cha katikati. Ukilenga ukuta mweupe kinadhani kuna mwanga mwingi mno, kinaufunga, na uso unazama.

Nikupe mfano wa juzi. Binti amesimama mlangoni, kanga kichwani, ukuta mweupe pande zote mbili. Kwa ISO 400 kamera ilisema 1/250 (muda wa shata kwa sekunde) na f/11 (tundu la lenzi; namba ikikua tundu hupungua). Nikasogea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo, hakuna ukuta, hakuna kanga: ikasema 1/250 na f/4. Hapo pana tofauti ya stopu tatu, na kila stopu ni mwanga mara mbili, yaani jumla mara nane. Ningefuata f/11 ningepata ukuta na mlango tu. Ila f/4 nayo ingemtoa kijivu cha katikati, mweupe kuliko alivyo. Ngozi yake ni nyeusi iliyoiva. Nikafunga stopu moja, nikapiga f/5.6. Kwenye negativu ukuta ni mzito, lakini unachapika, na yeye yupo, na macho yake yana nuru.

Ndiyo kanuni: sogea, pima uso, kwa ngozi nyeusi sana funga stopu moja, kwa maji ya kunde acha kama ilivyo au funga nusu. Kisha rudi mahali pako upige bila kubadili kitu. Ukiona aibu kumsogelea mtu, pima kiganja cha mkono wako kwenye mwanga uleule kisha fungua stopu moja: viganja vyetu ni vyeupe kuliko kijivu cha katikati.

Sababu ya pili ni kuamini namba ya kwenye boksi kupita kiasi. Delta 3200 ya Ilford, kwa kipimo cha kiwanda chenyewe, ina kasi halisi ya ISO 1000 hivi. Hiyo 3200 hupatikana kwa kuisafisha zaidi. Fomapan 400 ya Czech ni filamu ya bei nafuu na naipenda, lakini wapigaji wengi huipiga kwa 200 au 250, vinginevyo vivuli havina kitu. Hata HP5 Plus na Tri-X, kama unapiga watu weusi kivulini, ziweke 250 badala ya 400. Filamu ya nyeusi na nyeupe huvumilia mwanga uliozidi kidogo. Mwanga uliopungua hauvumilii.

Sababu ya tatu ni betri. Kamera nyingi za miaka ya 60 na 70 zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya alkalini ya volti 1.5 kipima kinasoma juu na kukunyima mwanga. Linganisha na programu ya kupima mwanga kwenye simu: kivulini, juani, ndani. Kama tofauti ni ileile kila mahali, ifidie kwenye kitasa cha ISO na uendelee.

Sababu ya nne ni ISO iliyowekwa vibaya. Kamera zinazosoma zenyewe alama za kwenye kikopo, zikikosa alama hizo (mikanda iliyofungwa upya mara nyingi haina), nyingi hurudi ISO 100.

Ya tano si ya kawaida, lakini inahusu uchaguzi moja kwa moja: filamu za ortho, kama Ilford Ortho Plus, hazioni mwekundu. Ngozi ya kahawia hutoa mwanga mwekundu mwingi, kwa hiyo kwenye ortho huzidi kuwa nyeusi. Ni filamu nzuri kwa majengo na bahari. Kwa harusi ya mtu, hapana.

Kabla ya kulaumu upigaji, tazama tena: kama vivuli vina mambo yake ila weupe wote ni kijivu kilichopoa, mwanga ulitosha, kilichopungua ni kusafisha. Ongeza dakika. Lakini kama vivuli ni plastiki tupu, dakika za ziada kwenye mkanda ujao zitazidisha weupe tu, uso hautarudi. Unachokosa ni mwanga.

Wakati wa kumwona fundi: kipima kikitofautiana na simu kwa zaidi ya stopu moja na tofauti ikabadilika kila mahali, au shata ya sekunde 1 ikasikika ikikokota. Usitie mafuta kwenye shata. Mafuta hutembea mpaka kwenye mapazia, na kazi ya saa moja inageuka kuwa ya kufumua kamera nzima.

## Dalili: weupe umeungua, negativu nzito haipitishi mwanga

Hapa kwetu sababu ya kwanza ni maji ya moto. Muda ulioandikwa kwenye boksi ni wa nyuzi 20. Maji ya simtanki lililokaa juani Dar es Salaam au Mombasa huzidi hapo kwa mbali, hata usiku. Kwa makadirio, kila nyuzi moja juu ya 20 hupunguza muda kwa karibu asilimia 10. HP5 Plus kwenye developa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni karibu dakika 9. Ukiisafisha dakika 13 kwa maji ya nyuzi 28 umeipika.

Usikimbilie kupunguza muda mpaka dakika 4. Chini ya dakika 5 dawa haienei sawasawa, anga linatoka na michirizi. Mimi hufanya hivi: beseni la maji, mfuko wa barafu ndani yake, chupa zote za dawa na chupa ya maji ya kusuuzia zimesimama humo mpaka kipimajoto kisome 24. Nyuzi 20 kwa mwezi wa pili pwani ni vita. Hizo 24 zinafikika na zinatosha. Kama bado muda ni mfupi mno, chagua mchanganyiko mwepesi zaidi wa dawa, wenye dakika nyingi.

Sababu ya pili ni filamu yenye kasi kuliko jua lako. Kwenye jua kali, kwa ISO 400, unahitaji f/16 na 1/500. Kamera nyingi za zamani shata yake inaishia 1/500, nyingine 1/250, kwa hiyo huna pa kwenda. Kwa picha za mchana, ufukweni, sokoni, chagua ISO 100 au 125: FP4 Plus, Kentmere 100, Fomapan 100, au T-Max 100. Hapo 1/125 na f/16 inakutosha, tena unaweza kufungua lenzi ukitaka nyuma pafifie. Nami siku za jua huacha HP5 nyumbani, ingawa ndiyo filamu ninayoitumia kuliko zote.

Sababu ya tatu ni filamu yenye kontrasti kali, yaani tofauti kubwa ya weupe na weusi, kwa asili yake. Pan F Plus ya ISO 50 ni nzuri sana siku ya mawingu. Saa saba mchana, vivuli vikiwa chini ya kofia na chini ya makuti, inapasua picha vipande viwili. Ina sharti lingine pia: kiwanda kinashauri isafishwe ndani ya miezi 3 baada ya kupigwa, kwa kuwa picha iliyopigwa huanza kufifia. Kama wewe ni wa kukusanya mikanda mpaka mwisho wa mwaka, iache.

Na anga jeupe lisilo na wingu hata moja? Kwenye filamu hiyo ni kawaida. Filta ya njano hula stopu 1, ya machungwa kama 2, nyekundu kama 3. Hufanya kazi anga likiwa la buluu kweli. Ule utusitusi mweupe wa pwani siku ya joto hakuna filta itakayoupaka weusi. Faida moja ya filta ya njano au machungwa ambayo watu hawaisemi ni kwamba inanyanyua ngozi ya kahawia kidogo. Ya kijani huishusha.

## Dalili: chenga zimejaa

Swali la kwanza: chenga ziko kwenye negativu, au kwenye faili? Negativu nyepesi ikiskaniwa, mashine hulazimisha mwanga kwenye vivuli na kukuletea chenga ambazo si za filamu. Hiyo ndiyo sababu namba moja, na dawa yake iko kwenye dalili ya uso kupotea.

Baada ya hapo ni filamu iliyopandishwa. Ukipiga HP5 kwa 1600 ukaisafisha zaidi, chenga na kontrasti vinapanda pamoja. Kwa taarabu ya usiku ukumbini hakuna njia nyingine, na mimi naona chenga hizo zina uhai wake. Kwa picha ya pasipoti hazifai.

Kisha dawa. Rodinal, dawa iliyoanza kuuzwa 1891 na bado ipo, huacha chenga kali zilizochongoka. Nzuri kwa filamu ya ISO 100, nzito kwa ya 400. Ukitaka ulaini, tumia ID-11 au D-76 bila kuongeza maji.

Ukishahakikisha hayo yote na bado chenga zinakukera, sasa ndiyo badili filamu. Delta 100 na T-Max 100 zina chembe za fedha zilizotandazwa bapa na ndizo laini, ila zinataka usahihi zaidi wa muda na joto kuliko FP4 au Tri-X. Kama hujawa na beseni la barafu, FP4 itakusamehe mambo ambayo T-Max haitakusamehe. XP2 Super nayo, ukiipiga kwa 200, ni laini ajabu.

Mara chache utaona mipasuko midogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Hizo si chenga. Filamu ilitoka kwenye dawa moto ikaingia maji baridi, au kinyume chake. Weka dawa zote na maji ya kuoshea ndani ya tofauti ya nyuzi mbili tatu.

## Dalili: ukungu, mawimbi, michirizi ya mwanga

Ukungu wa kijivu sawasawa mkanda mzima: joto au uzee. Filamu yenye kasi huharibika mapema, kwa hiyo Delta 3200 iliyokaa dukani kwenye kabati la kioo linalopigwa jua ni ya kuiacha, hata kama tarehe haijapita. Nunua kwa anayehifadhi kwenye friji. Nyumbani weka kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na ukiitoa iache ndani ya kikopo saa moja au mbili ipate joto la chumba. Ukiifungua mapema, kwa unyevu wetu, itatoka jasho. Na usiiache ndani ya gari.

Mawimbi au pazia linalojirudia kwa upana wa filamu: mashine za uwanja wa ndege. Mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege hupigwa miale mikali, usiweke filamu humo kamwe. Kwa mzigo wa mkononi, mashine mpya za CT huharibu filamu za kasi yoyote. Toa mikanda, iweke kwenye mfuko unaoonyesha, omba kwa adabu ikaguliwe kwa mkono, na omba mapema kabla foleni haijakusukuma.

Fremu za mwanzo tu zimeungua: ulipachika filamu juani. Filamu zenye plastiki ya poliesta iliyo wazi, kama Rollei Retro 80S, hupitisha mwanga kutoka kwenye ulimi mpaka ndani ya kikopo, kama waya wa intaneti. Plastiki ya HP5 ina ukijivu ndani yake kwa sababu hiyohiyo. Pachika kivulini, ama geuka kivuli chako kiangukie kamera, na filamu ya namna hiyo usiitoe kwenye kopo lake jeusi mapema.

Michirizi mieusi kwenye negativu, mahali palepale kila fremu: sponji za mlango wa kamera zimeyeyuka. Joto letu huzigeuza lami. Kuzibadilisha unaweza mwenyewe kwa kijiti na spiriti kidogo, mradi usiguse mapazia ya shata wala kile kioo kinachoruka. Sponji ya juu ya kioo mwachie fundi.

## Dalili: negativu ni ya zambarau, au ina utando wa maziwa

Utando wa maziwa maana yake fiksa haikumaliza kazi. Rudisha filamu kwenye fiksa mpya, hata kama imeshakauka, kisha ioshe upya. Hili linaokoka karibu kila mara.

Zambarau au waridi kwenye T-Max na Delta ni mabaki ya rangi ya kiwandani. Yakiwa mepesi hayadhuru. Yakiwa mazito, fiksa imechoka au muda ulikuwa mfupi. Pima fiksa kwa ulimi wa filamu: hesabu muda wa kugeuka kuwa angavu, uzidishe mara mbili, na kwa T-Max na Delta mara tatu. Muda huo ukiwa umerefuka maradufu kuliko siku fiksa ilipokuwa mpya, ibadilishe.

Maji yakikatika hakuna haja ya bomba kumwagika nusu saa. Ilford wana njia ya kuosha kwa tangi tatu za maji: jaza, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Inafanya kazi mradi fiksa yako si ile inayogandisha filamu.

## Madoa na mikwaruzo

Haya hayahusiani na filamu uliyochagua. Matone meupe yaliyokauka ni maji ya kisima yenye chumvi, suuzia mwishoni kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke, yale ya betri, pamoja na matone machache ya dawa ya kulainisha maji. Mistari mirefu iliyonyooka ni mchanga kwenye mdomo wa kikopo au mtu aliyefuta filamu mbichi kwa vidole. Viduara vidogo visivyo na picha ni mapovu: gonga tangi mezani mara mbili ukishamimina developa. Fomapan utando wake ni laini ikiwa mbichi, ishike kwa ukingo.

## Picha za usiku zimetoka nyeusi ingawa ulihesabu vizuri

Kwa mwanga mdogo na muda mrefu filamu huchoka, na kila moja huchoka kwa namna yake. Kipima kikisema sekunde 10, HP5 Plus inataka karibu 20. Fomapan 100 inataka 80. Fuji Acros 100 II haitaki nyongeza yoyote mpaka dakika 2. Kwa taa za Forodhani na majahazi yaliyotia nanga, uchaguzi huo unakuokolea usiku mzima.

## Mambo ya kumwachia mwenye kuyajua

Kamera yenye flashi ya ndani usiifumue, hata betri ikiwa imetolewa. Kapasita yake hushika mamia ya volti kwa muda mrefu, na inapiga.

Dawa zikikuletea vipele mikononi, acha, vaa glavu, na visipoisha nenda hospitali ukiwa na jina la dawa. Metoli, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya developa, hasa huwasumbua baadhi ya watu, na kila mara huzidi. Ukihisi kifua kinabana kwa harufu ya fiksa, toka nje kwanza. Mwenye pumu asisafishe filamu kwenye choo kisicho na dirisha. Usimwage fiksa mahali ulipotia dawa ya klorini ya kusafishia choo, gesi inayotoka hapo ni ya hatari. Na fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake: usiimwage kisimani wala bustanini, kusanya kwenye dumu umpelekee mwenye maabara.

Ukikuta mkanda wa zamani uliopigwa lakini haujasafishwa, kwenye sanduku la marehemu babu au ndani ya kamera ya mnadani, usiufanyie majaribio ya ulimi wala usiusafishe kwa kubahatisha. Usifungue kamera kama filamu bado imo: irudishe kwanza kwenye kikopo chake. Andika juu yake jina la filamu, mahali ulipopatikana na mwaka unaokadiria, uweke mahali pakavu penye ubaridi, kisha tafuta maabara inayosafisha mikanda ya zamani. Watakuuliza hayo matatu kabla ya jambo lingine lolote.